Je, tunauthamini kweli mchanganyiko wetu?

Muulizaji, Dar es Salaam

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipoanza kuandika orodha ya waalikwa wa harusi ya binti yangu. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeishi na kufanya kazi na Wahaya, Wamakonde, Wahindi na Wapemba, wala sikumbuki kugombana na yeyote kwa ajili ya asili yake. Lakini nilipoitazama orodha niliona kwamba waliomo katika kamati, yaani wale ninaoweza kuwaeleza mambo ya ndani ya nyumba yangu, karibu wote ni watu wa kwetu, na wengine ni wa kupelekewa kadi tu. Je, nanyi mnaliona hilo katika maisha yenu?

Mwalimu mstaafu, Mwanza

Naliona, na nadhani kizazi chetu kilisaidiwa. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 Serikali ilitwaa shule nyingi za madhehebu, na kijana wa Bukoba aliweza kupangiwa shule Songea, akalala bweni moja na watoto ambao lugha za mama zao hakuwahi kuzisikia. Kisha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likawachanganya tena. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Rafiki yangu wa karibu kuliko wote nilimpata hivyo, kwa kugawana naye sabuni na maharage. Shule za kata zimewapa elimu watoto wengi mno, jambo ninalolishukuru, ila mtoto anasoma na wale wale aliozaliwa nao, na hilo linanitia wasiwasi.

Mchangiaji, Nairobi

Kwetu Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitungwa sheria ya uwiano na utangamano ya 2008, ambayo hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Naiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, nilipokuwa nikitafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba mmoja aliniuliza kwanza jina langu la pili, na nilipolitaja nikaambiwa kwamba chumba kimeshachukuliwa. Sheria haifiki mlangoni pale.

Mchangiaji, Morogoro

Mimi ni Mkristo na mke wangu ni Mwislamu. Tulifunga ndoa ya bomani, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua. Siku ile ndugu waliokuja walihesabika kwa vidole. Miaka michache baadaye baba yangu alipofariki, wakwe zangu walifika kabla ya wengi wa ukoo wetu, wakachota maji, wakapika, na watani wetu wakafanya vituko vyao hadi mama akacheka katikati ya kilio. Ndiyo maana sikubali kwamba hatuthaminiani. Msiba hauna kadi, kila mtu anaingia. Harusi ina mwenye kuchagua, na hapo ndipo woga wetu unapojitokeza.

Muulizaji

Nawashukuru, hasa kwa hilo la kadi. Jana nilimpigia jirani yangu Mpemba kumwomba aingie kamati. Alikubali papo hapo, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nimechelewa kumwambia, nami sikuwa na jibu.