Mrejesho: Niliuliza watu wa nyumbani kwanza

Wadau, ni yule aliyeuliza jinsi ya kuingia kwenye muziki na filamu hapa Nairobi bila kumjua mtu. Mlisema nianze na jamaa zangu. Nimeanza.

Kumbe mjomba aliuza kanda za muziki kwenye barabara ya River Road miaka mingi! Alinikalisha Jumapili nzima akifafanua haki za wimbo: mtunzi ana zake, mwimbaji ana zake, aliyegharamia kurekodi naye ana zake. Tena kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kumhamishia mtu hakimiliki lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi. "Ukiambiwa 'tutaelewana baadaye', beba begi lako," akasema. Sasa najua kwa nini kuna prodyuza mmoja ambaye mjomba hataki hata kusikia jina lake.

Binamu anayewapaka waigizaji vipodozi hakuwa na mengi: kuamka alfajiri, kungoja sana, pesa kuchelewa. Ila alinionya kwamba kupiga filamu kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu.

Rafiki ya dada yangu yuko kwenye kikundi cha maigizo. Wananichukua nisaidie taa. Malipo hakuna, nauli ipo. Mama bado amenuna.