Naomba ushauri: mashine ya moshi ya kuweka jikoni kwa ajili ya samaki, ninunue au niache?

BintiWaDunda
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni mawazo, nimekwama na muda hauko upande wangu.

Kuna mashine ya kukausha samaki na nyama kwa moshi ambayo inakaa ndani ya nyumba, juu ya meza ya jikoni. Ni ya chapa ya GE Profile, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 999. Unatia vidonge vya mbao, inavichoma yenyewe, samaki wanapata moshi, na moshi unaobaki unapitishwa kwenye kichujio chenye joto kali unateketea humo humo. Nje inatoka hewa ya uvuguvugu tu. Kuna kaka yuko Dar anayo, kaitumia kidogo, anataka milioni 1 na laki 8. Mimi niko Bagamoyo.

Wenye uzoefu, inafaa? Naomba majibu mapema, anasema kuna mteja mwingine.

Fundi_Waya
Dada, "kuna mteja mwingine" wanasema wote.

Swali langu la kwanza ni umeme. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120. Huku kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, waya wa joto unavuta nguvu karibu mara nne ya ile uliotengenezewa. Haitamaliza dakika. Utahitaji transfoma ya kushusha, tena si zile ndogo za redio. Tafuta ya wati 3,000 ili isichemke, maana soketi ya kawaida ya kwao inaruhusu vifaa vya mpaka wati 1,800 hivi. Muulize huyo kaka kama anakupa na transfoma yake. Halafu angalia LUKU yako. Kama uko kwenye ule mpango wa watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, ukibanika kila siku umeshatoka humo.

Shoga_wa_Nianjema
Mimi nilinunuliwa jiko la umeme la kuoka keki na shemeji yangu kutoka Dubai. Liko juu ya kabati mpaka leo, tunawekea vyombo vya Idi. Vitu vya watu hivi vina mazoea yake.

MzeeWaMlingotini
Mwanangu, samaki wa kubanika anataka chanja, kuni za mkorosho na mtu wa kukaa naye. Marehemu baba alikuwa akibanika taa na papa, wanakwenda mpaka Morogoro kwenye magunia na hawaharibiki. Hiyo mashine inatoa samaki mkavu wa namna hiyo? Nauliza kwa sababu sijaiona.

BintiWaDunda
Shikamoo mzee. Kwenye video wanaweka nyama ya ng'ombe na mabawa ya kuku, samaki sikuona vizuri. Kaka anasema samaki wanatoka.

Mpishi_Pwani
Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli za ufukweni, niseme kidogo. Mzee ameuliza swali lenyewe.

Kuna samaki wa moshi wa aina mbili. Wa kwanza ameiva kwa moshi, bado ana maji na mafuta yake, laini. Huyo anakaa kwenye friji na analiwa ndani ya siku chache. Hoteli ndiye wanayemtaka, jodari au nguru, wanamkata vipande vyembamba. Wa pili ni huyu wetu wa sokoni, amekaushwa mpaka kawa mkavu kabisa, anasafiri. Mashine ile inatoa wa kwanza. Haijatengenezwa kukausha gunia. Mtengenezaji mwenyewe anasema inaingia mabawa ya kuku 40. Sasa piga picha hapo, vibua wangapi watakaa?

Na mlango hufungui ovyo moshi ukiwa ndani, unabonyeza kwanza iusafishe, unangoja. Vidonge vilivyoungua vinadondokea kwenye chombo cha maji, lazima ukimwage na kukijaza tena. Ni kifaa kizuri kwa familia inayokaa ghorofani na haina ua. Wewe una ua?

BintiWaDunda
Ua upo.

Mpishi_Pwani
Sasa kwa nini moshi ukae ndani?

Kibua_Mkavu
Hapo umemshika mkuu. Mwenye ua anatafuta mashine ya wasio na ua.

BintiWaDunda
Nina sababu zangu za kifamilia. Niliuliza mashine inafaa au haifai.

Nesi_wa_Zamu
Dada yangu, bila sababu hatuwezi kukujibu. Ni ya biashara au ya kula nyumbani? Nani atakuwa anaitumia?

BintiWaDunda
Sawa. Atatumia mama.

Mama anabanika samaki uani tangu sijazaliwa. Ametusomesha kwa kazi hiyo. Sasa kifua kimemchoka. Anakohoa usiku kucha, akipanda ngazi za hospitali anasimama katikati. Daktari alimwambia aache moshi wa kuni. Alimwitikia vizuri, akarudi nyumbani, alfajiri yuko mnadani, saa nne yuko kwenye chanja. Nimesema nae, kaka zangu wamesema nae, hasikii. Ndiyo nikaona mashine isiyotoa moshi. Aendelee na kazi yake, ila asivute.

Nesi_wa_Zamu
Pole sana. Hili ndilo ungeanza nalo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020 pekee, na mama zetu wa jikoni ndio wanaouvuta zaidi. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi yalivyokuwa, lakini ukiondoa moshi leo unapunguza kasi ya kuharibika. Kwa hiyo lengo lako ni sahihi kabisa. Tubaki kwenye namna ya kulifikia. Mama mwenyewe anasemaje kuhusu mashine?

BintiWaDunda
Hajui bado.

Shoga_wa_Nianjema
Hajui?! Milioni 1 na laki 8 na mwenye kazi hajui?

BintiWaDunda
Yuko Pangani kwa mdogo wake, kuna harusi. Akirudi ataikuta. Nimeshatoa laki 3 kumzuia huyo kaka asiuze. Na banda la kubanikia nimemwita fundi, ameshaanza kulibomoa. Ukuta wa upande wa bahari umeshashuka.

Kabla hamjaanza kunisema, jueni hivi: banda likiwepo mama hataacha. Nimejaribu maneno mpaka yamekwisha. Nyinyi hamumsikii usiku.

Kibua_Mkavu
Nimesoma mara mbili. Umembomolea mama yako ofisi akiwa harusini.

MzeeWaMlingotini
Mwanangu, huruma yako naiona, Mungu akulipe. Lakini mtu mzima hatolewi kazini kwa kuvunjiwa. Huyo akirudi akakuta kifusi hatakumbuka kama ulimtakia afya. Radhi za mzazi hazirudishwi na fundi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikatazwa na watoto kwenda shamba, wakauza majembe. Alikaa barazani miaka miwili hasemi na mtu. Mpigie simu leo hii.

Shoga_wa_Nianjema
Mimi mama yangu alikuwa na duka la khanga, tukalifunga akiwa anaumwa mguu...

(Mengine nitaandika kesho, simu inazima.)

Mchunguzi_wa_Mambo
Wakuu, mnapigwa. Huu uzi ni tangazo.

Tazameni vizuri. Ametaja jina la mashine, mwaka, bei ya dola na jinsi inavyofanya kazi kabla hajataja shida. Shida ikaja baadaye, tena ya mama, ya kikohozi, ya daktari. Kila akiulizwa anaongeza kipande. Kesho atakuja "kaka wa Dar" hapa chini na namba ya simu. Mama wa Bagamoyo anayebanika mwenyewe, binti anajua vichujio vya Marekani, na banda linavunjwa siku hiyo hiyo. Hadithi imenyooka mno.

Kibua_Mkavu
Mchunguzi naye ana hoja. Akaunti ya mwezi huu.

Fundi_Waya
Kama ni tangazo basi ni tangazo baya, maana mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyesema inunuliwe.

Mchunguzi_wa_Mambo
Ajibu basi. Mama anatumia kuni gani, samaki anawapanga vipi? Mtoto wa mbanikaji hashindwi.

BintiWaDunda
Nimekaa dakika nzima nikitaka kufuta uzi wote. Nitajibu kwa sababu ya mama, si kwa sababu yako.

Moto anauwasha kwa makumbi ya nazi, akishapata kaa anaongeza mkorosho, na mwembe ukipatikana. Mikoko hatumii, inakatazwa kukatwa bila kibali, na zamani alishanyang'anywa mzigo mtu jirani yetu. Vibua anawatoa matumbo, anawakunja mkia unapita mdomoni, wanakaa duara. Nguru na kolekole anawapasua mgongoni, chumvi, wanachujuka kwanza kwenye kivuli. Chanja ni waya wa kuku juu ya vyuma vya kitanda cha zamani. Mafuta ya samaki yakidondokea kwenye moto unanyanyuka moshi mweusi wa kunata, ndio huo anaokaa nao uso kwa uso akigeuza. Video za hiyo mashine nimeangalia usiku nikimsikia anakohoa chumba cha pili. Ndiyo maana najua kichujio.

Una swali lingine?

Mpishi_Pwani
Hayo maelezo hayatungwi. Kukunja vibua duara nimeona hapa hapa mnadani.

Mchunguzi_wa_Mambo
Nimekuelewa dada. Kuna matapeli wengi humu, ndiyo sababu niliuliza. Mama apone.

Mwalimu_wa_Samaki
Nilikuwa nasoma kimya, mjadala umefika ninapopajua.

BintiWaDunda, umetaja mafuta yanayodondoka kwenye moto. Hapo ndipo ubaya mwingi unapotoka, kwa mapafu ya mama na kwa mlaji pia. Mafuta yakiungua yanazaa kemikali za kusababisha saratani, mojawapo inaitwa benzopaireni, na zinaganda kwenye ngozi ya samaki. Ulaya wameziwekea kikomo: samaki wa moshi kwa kawaida asizidishe maikrogramu 2 kwa kilo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni jiko linalotenganisha moto, mafuta, moshi na mtu.

Majiko hayo yapo na hayahitaji volti. Ghana, pale Chorkor, Accra, lilibuniwa jiko la udongo au tofali la mstatili, trei za mbao zenye wavu zinapangwa moja juu ya nyingine. Moto unakaa chini, mbanikaji habaki ameinamia, anabadilisha trei tu, na kuni zinatumika kidogo kuliko chanja la wazi. Senegal wakaliboresha, jiko la Thiaroye. Humo kuna sinia la kukinga mafuta yasifike kwenye moto, samaki wanaiva kwa joto la makaa kwanza, na moshi unatengenezwa pembeni unaletwa mwishoni kwa ajili ya rangi na ladha. Chorkor lenyewe halina bomba, lakini fundi akiliwekea kofia ya bati na bomba linalopita juu ya paa, mama anakaa pembeni.

Na wewe una bahati ya kuishi Bagamoyo. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko Mbegani hapo hapo, uchakataji wa samaki ni moja ya mambo wanayofundisha. Nenda na fundi wako, muulize michoro.

Nyongeza kuhusu usalama, maana wengi hawajui. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani kabla ya kubanikwa wanatengeneza histamini, na hiyo haifi kwa moto wala kwa moshi. Barafu toka mnadani. Na samaki laini wa hoteli usimfunge kwenye mifuko isiyo na hewa ukamwacha nje ya friji. Kuna vijidudu vinavyopenda pasipo na hewa, na sumu yao inaua.

Nesi_wa_Zamu
Naunga mkono. Ila jiko lolote la kuni, bomba au si bomba, lisiwe ndani ya chumba. Na hata likijengwa vizuri, mama awe msimamizi. Tafuta kijana wa kugeuza na kuchochea. Dawa zake asiziache.

BintiWaDunda
Na laki 3 yangu?

Fundi_Waya
Omba irudi. Isiporudi, laki 3 isikuburute kutoa milioni 1 na nusu nyingine, kisha transfoma, kisha vidonge vya mbao vya kuagiza. Mzee wa watu kama mama yako atapanga vibua wachache mle ndani, umeme ukatike katikati, na mlango umejifunga. Fikiria atakavyokutazama.

BintiWaDunda
Bado naamini nilifanya sawa kulivunja. Lile banda halikuwa na hata dirisha. Ila fundi nimemwambia asimame, mawe ayapange pembeni, na kesho asubuhi tunakwenda Mbegani.

MzeeWaMlingotini
Na simu?

BintiWaDunda
Nimempigia mama, mzee wangu. Nimemweleza yote, la ukuta na la mashine. Alinyamaza, nikadhani amekata. Halafu akauliza nani kamruhusu fundi yule kugusa vyuma vyake vya chanja. Nikamwambia vipo, nimevifunika. Akasema hilo jiko la bomba kama lipo lijengwe, lakini mlango usielekee kusi, maana kusi likivuma kuanzia mwezi wa nne moshi wote utarudi ndani, na kwamba mafundi wa siku hizi hawajui upepo. Amesema hakuna kuweka trei mpaka arudi azione. Mashine ya Mmarekani amesema nimrudishie mwenyewe.

Mwalimu, mlango tukiuelekeza magharibi, bomba lipande urefu gani juu ya paa?

Mwalimu_wa_Samaki
Magharibi ni sawa, utakuwa umelikwepa kusi na kaskazi pia. Bomba livuke kilele cha paa la banda na la nyumba iliyo karibu, si la banda peke yake, na liwe na kofia ya mvua. Pima umbali mpaka ukuta wa jirani kabla hujamwaga msingi, kisha niletee vipimo hapa.