Tupeane uzoefu: mambo ya usalama wa kompyuta ambayo watu wa IT tunayajua lakini hatuyasemi kwenye vikao

FundiSeva

Wakuu, salaam. Nimesimamia seva na mitandao ya maofisi kwa muda wa kutosha kuchoshwa na lugha ya semina. Naomba hapa tuseme ukweli. Toa msimamo wako bila kuupaka mafuta, halafu leta kisa ulichokishuhudia kilichokufanya uwe nao. Jina la kampuni au la mtu usitaje.

Naanza. Usiite bakapu (nakala ya akiba ya data) kitu ambacho hujawahi kukirejesha.

Niliitwa kwenye ofisi moja, diski za seva ya uhasibu zimekufa. Jamaa wa pale hana wasiwasi kabisa. Akanifungulia ripoti: kila usiku alama ya kijani, kazi imekamilika. Nikamwambia tuangalie ukubwa wa mafaili. Kila faili lilikuwa na kilobaiti chache, na hifadhidata yenyewe ilikuwa ya gigabaiti kadhaa. Tulipofuatilia tukakuta nywila ya akaunti iliyokuwa ikinakili data ilibadilishwa miezi mingi nyuma. Kila usiku programu ilifungua faili jipya, ikaandika mistari ya mwanzo, ikakataliwa kuingia kwenye hifadhidata, ikafunga faili. Skripti ikafika mstari wa mwisho na kuripoti kwamba imemaliza. Imemaliza kweli, ila hakuna aliyeiuliza imebeba nini. Wale watu walichapa upya vitabu vyao kutoka kwenye karatasi.

Msidhani ni tatizo la ofisi ndogo. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu mtandaoni, alifuta saraka ya hifadhidata akiwa kwenye seva ambayo siyo. Katika GB 300 hivi zikabaki GB 4.5. Wakakimbilia bakapu, na wao wenyewe wakaandika kwamba katika njia tano walizokuwa nazo hakuna hata moja ya kutegemewa. Ile ya pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata, ilikuwa inashindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa zisiwafikie. Wakaokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono kama masaa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Nawaheshimu kwa kuyaeleza hadharani. Wengi wetu tungesema "hitilafu ya kiufundi".

Na kabla hamjauliza: RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili moja ikifa data ibaki, si bakapu. Ukifuta faili, RAID inalifuta kwenye diski zote kwa utiifu mkubwa.

Kebo Nyekundu

Mimi naenda moja kwa moja. Anayepaswa kubanwa kuliko wote ni bosi, na ndiye tunayemsamehe.

Ofisini kwetu kila mtu aliwekewa uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho mwingine kama wa simu) isipokuwa mkurugenzi. Alisema unamchelewesha. Siku moja mteja akapiga simu: "Mbona mnatudai tena, na tumeshalipa kwenye ile akaunti mpya mliyotupa?" Hatukuwa na akaunti mpya.

Nikafungua sanduku la barua la mkurugenzi, nikaenda sehemu ya kanuni za kupanga barua. Nikakuta kanuni moja ambayo jina lake ni nukta. Nukta tu, ukipitisha macho haraka huioni. Ilikuwa inasema hivi: barua yoyote yenye neno "ankara" au "malipo" ihamishiwe kwenye folda ya RSS, ile ya kupokea habari za tovuti, na iwekewe alama kwamba imeshasomwa. Nani kati yenu amewahi kufungua folda ya RSS? Mwizi alikuwa mle ndani, anasoma, anajibu wateja akiwa katikati ya mazungumzo yaleyale, kwa anwani ileile ya mkurugenzi, na kwa mtindo wake wa kuandika.

Wenzangu wakabadilisha nywila wakasema yameisha. Hayajaisha. Kanuni inabaki pale pale, na kikao cha kuingia kwenye akaunti ambacho mwizi ameshakifungua kinaweza kuendelea kuwa hai. Unafuta kanuni, unakata vikao vyote, unakagua programu zilizopewa ruhusa kwenye akaunti, unaangalia pia kama hakuongeza namba yake ya simu kwenye uthibitisho. Halafu unakaa na uhasibu: akaunti ya benki ikibadilika, mnapiga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Siyo namba iliyoandikwa kwenye barua hiyohiyo.

Mkurugenzi sasa ana hatua mbili. Hajawahi kulalamika tena kwamba inamchelewesha.

Mzee wa Swichi

Kubadilisha nywila kila siku 90 ni kuwatesa watu bure. Mtu anaweka Januari2024!, ukimlazimisha anaweka Aprili2024!. Anayeijua ya kwanza ameshaijua ya pili. Bill Burr, aliyeandika mwaka 2003 mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliosambaza mambo haya, alisema mwenyewe mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoandika. Mwaka huohuo NIST wakaacha kupendekeza ubadilishaji wa mara kwa mara, na Microsoft wakaliondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yao ya Windows mwaka 2019. Nywila ndefu, usiirudie kwingine, ibadilishe ukishuku imevuja. Basi.

Dada Logi

Mzee, hayo tunayajua. Ila mkaguzi akija na fomu yake yenye kisanduku cha siku 90, wewe utamsomea habari za Bill Burr?

Mzee wa Swichi

Ndiyo, namsomea! Utani pembeni, muulize fomu yake inatoka kwenye kiwango gani. Mara nyingi hajui, amenakili ya mwaka juzi. Kama mnapokea kadi za benki, PCI DSS (kiwango cha usalama wa data za kadi) toleo la 4 bado lina hizo siku 90, lakini ni pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee ya kuingilia. Weka hatua ya pili, sharti lenyewe linakuacha. Mkaguzi anataka karatasi, mpe karatasi.

Mhasibu Mpole

Mimi si mtu wa IT, nimepita tu, ila na mimi nina msimamo: mnatudharau, na dharau hiyo inawagharimu.

Kwetu IT walituma barua ya kutupima, ya bandia, kwamba kuna marupurupu ya mwisho wa mwaka, bonyeza hapa uone kiasi chako. Watu wakabonyeza, nani asingebonyeza? Kesho yake majina yakasomwa kwenye kikao, watu wanacheka. Mmoja wa waliosomwa ni mama mtu mzima, tena makini kuliko wengi.

Baada ya muda huyohuyo mama akafungua kiambatisho cha kweli, kibaya. Kompyuta ikaanza kuwa nzito, mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yake. Akazima skrini, akaenda kukaa kwenye meza nyingine. Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua mchana, pale folda ya pamoja ya idara nzima ilipogoma kufunguka. Angesema dakika ileile, si mngechomoa waya wa mtandao na hasara ingeishia kwenye mashine moja? Lakini nani alimfundisha anyamaze?

FundiSeva

Mhasibu, umetupiga panapouma na ni haki yako. Mtu akija kuniambia "nimebonyeza kitu", neno la kwanza ni asante, la pili ni "chomoa waya, usizime mashine". Ukizima unapoteza vilivyomo kwenye kumbukumbu, na wakati mwingine mle ndimo penye ushahidi, hata ufunguo wa kufungulia mafaili. Majaribio ya barua za bandia nayafanya pia. Majina hayatoki nje ya kompyuta yangu, na ninachohesabu si waliobonyeza, ni waliotoa taarifa.

Dada Logi

Wangu huu: hakuna mtu anayejua kwa uhakika nani ana funguo za ofisi yako. Wewe mwenye kazi pia hujui.

Fundi mmoja wa IT aliacha kazi. Idara ya rasilimali watu ikatujulisha kwa kuchelewa, kama kawaida yao, akaunti yake ikazimwa asubuhi. Ilipofika mchana ripoti za mishahara hazitoki, skana hazipeleki nyaraka kwenye folda, na huduma moja ya hifadhidata haiwaki baada ya seva kuanzishwa upya. Tukafungua logi: kosa ni lile lile kila mahali, akaunti imezimwa. Bwana yule alikuwa amefunga kila kitu kwa jina lake. Kazi za usiku, skana, hifadhidata, vyote vinaingia kwa nywila yake na haki zake zote za admini, yaani msimamizi wa mfumo.

Unajua uamuzi uliotoka juu? Akaunti irudishwe. Ikarudishwa, na nywila ambayo mtu aliyeondoka anaijua kwa kichwa. Kila mmoja akaogopa kuigusa, ikakaa hivyo. Kuisafisha ilikuwa kazi ya kuhamisha huduma moja moja: kila huduma iwe na akaunti yake, yenye haki za kazi hiyo tu, nywila ndefu iliyohifadhiwa kwenye programu ya kutunza nywila, na mstari mmoja wa maandishi unaosema akaunti hii ni ya nini. Siku hizi kabla sijazima akaunti ya anayeondoka, napitia logi nione imeingia wapi na wapi bila mwenyewe kuwepo.

Na wanaodhani akaunti iliyolala haina madhara, Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, Mei 2021, waliingiliwa kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) iliyokuwa haitumiki tena, isiyo na hatua ya pili. Bomba la mafuta likasimamishwa.

Tandu wa Mtandao

Sasisha mashine zako acha visingizio. Microsoft walitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu la usalama, Machi 14, 2017. WannaCry, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, ikaja Mei 12. Karibu miezi miwili watu wamekaa nacho hawajakiweka. Na msisingizie Windows XP, wengi walioathirika walikuwa na Windows 7 ambayo kiraka chake kilikuwepo.

Kebo Nyekundu

Tandu, na Julai 19, 2024 je? Waliosasisha ndio walioamka na skrini za bluu. Mashine milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, kwa sababu ya faili moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta. Kila mashine unaifuata ilipo, unaiwasha kwa hali salama, unafuta faili. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, unahitaji ufunguo wa kuirejesha, ambao uko kwenye seva ambayo nayo ina skrini ya bluu.

Tandu wa Mtandao

Hiyo si hoja ya kuacha kusasisha. Ni hoja ya kusasisha kwa mafungu: anza na mashine za IT wenyewe, subiri, endelea. Ingawa nakupa moja, siku ile hata waliokuwa wamepanga kubaki toleo moja nyuma walipigwa, kwa sababu mafaili ya aina ile hayakuwa yanafuata mpangilio wa mteja. Hapo kosa ni la muuzaji. Funguo za BitLocker weka nakala nje ya mfumo zinaoulinda.

Mzee wa Swichi

Kuna mashine hazisasishiki, wakuu, tusijifanye. Nimeona mtambo wa kukata vyuma unaoendeshwa na XP, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia Aprili 8, 2014. Mtambo wenyewe unakata vizuri tu. Kijana mmoja mwenye vyeti alikuja akaandika ripoti: badilisha. Kubadilisha ni kununua mtambo mzima! Tuliutenga kwenye VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyotengwa), hauoni intaneti, hauoni kompyuta za ofisi, michoro inapitia kwenye mashine moja ya katikati inayokaguliwa. Diski yake tukaitolea nakala kamili, na tukanunua nyingine mbili za aina ileile tukaziweka kabatini, maana siku itakapokufa ndiyo itakayotusumbua kuliko mdukuzi.

Dada Logi

Mtu akitaka kujua kwa nini nakala moja lazima isiguse mtandao, asome ya Maersk, kampuni ya meli za mizigo, na virusi vya NotPetya, Juni 27, 2017. Seva zao za kudhibiti majina na akaunti zote duniani zilifutika karibu kwa wakati mmoja, maana zilikuwa zinanakiliana. Iliyopona ni moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikatika na ikawa imezimika wakati virusi vinapita. Diski yake ikasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, kampuni ikajengwa upya kutoka hapo.

Kebo Nyekundu

Yaani waliokolewa na kukatika kwa umeme. Wekeni hiyo kwenye mpango wa majanga.

Printa Imegoma

Nyie mnaongelea wadukuzi, mimi asilimia kubwa ya maisha yangu ni printa. Msimamo wangu: aliyeweka "Print" na "Fax" kwenye orodha moja ana kesi ya kujibu. Na tatizo ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani. Hata ukishathibitisha si DNS, angalia tena.

Mgeni wa Kazi

Shikamooni wakubwa. Nimeajiriwa peke yangu kwenye ofisi ambayo haina kitu: hakuna bakapu, wote ni admini kwenye mashine zao, nywila ya Wi-Fi imebandikwa mlangoni. Bosi anasema hakuna bajeti. Nianzie wapi?

FundiSeva

Marahaba. Usiende kwa bosi na neno usalama, ameshalisikia na halimgusi. Muulize kitu kimoja: seva ikifa leo saa kumi jioni, uko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi, na ofisi inaweza kukaa siku ngapi bila mfumo? Majibu yake yaandike kwenye barua pepe, mtumie: "Kama tulivyoongea, hali ya sasa ni kwamba tutapoteza vyote, na sijui tutarudi lini." Hiyo barua itunze.

Wakati unasubiri jibu, fanya visivyo na gharama. Washa hatua mbili kwenye barua pepe zote, anza na ya bosi. Ondoa uadmini kwenye akaunti za kila siku. Nunua diski mbili za nje, hilo hata bajeti ya karatasi inatosha; moja inanakili wiki hii, nyingine imechomolewa na iko nje ya jengo, wiki ijayo unazibadilisha. Kisha chagua faili moja la bosi mwenyewe, la zamani kidogo, ulirejeshe mbele yake. Akishaliona linarudi, ndipo umwonyeshe bei ya seva.

Mgeni wa Kazi

Nashukuru sana mkuu. Ile karatasi ya mlangoni niitoe?

FundiSeva

Badilisha nywila kwanza, ndiyo uitoe. Na ya wageni itenganishe na ya ofisi.