Tupeane uzoefu: mlima upi kwa safari fupi ya majira ya kuchipua?

Wakuu, salaam. Nina likizo fupi kati ya mwisho wa Machi na Mei, na moyo wangu uko milimani. Sitafuti kilele cha kupanda kwa kamba. Nataka kutembea, kuona kijani kinavyorudi, na kulala mahali penye utulivu. Shida ni kwamba picha nyingi ninazoziona ni za Julai na Agosti. Waliowahi kwenda msimu huu, mlichagua wapi na mlikuta nini? Naomba visa vyenu wenyewe.

Mtembezi
Mkuu, la kwanza kuuliza ni theluji imebaki kuanzia kimo gani. Umaarufu wa mlima uje baadaye. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo maua ya bondeni hayakuambii lolote kuhusu hali ya juu.

Nilikwenda Dolomiti, Italia, mwezi Mei. Malisho ya chini yalikuwa ya manjano kwa maua, lakini nyumba za kulala wapandaji zilikuwa zimefungwa na magari ya kebo yamesimama. Kule msimu wa kuteleza kwenye theluji huisha Aprili, na njia nyingi za juu huanza kupitika vizuri mnamo Juni. Nilitembea misituni na kandokando ya mito, vijiji vikiwa vimetulia, na ningerudi hata kesho. Ila anayetamani zile njia za miambani asubiri kiangazi.

Jambo jingine: angalia mteremko umeelekea wapi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, upande unaotazama kusini hupigwa na jua zaidi na theluji yake huondoka mapema. Njia mbili za kimo kimoja zinaweza kupishana kwa wiki nzima.

Mama Wawili
Sisi tulikuwa na watoto, tukachagua Lauterbrunnen, Uswisi. Bonde lenyewe liko kwenye kama mita 800, kwa hiyo Mei unatembea pakavu. Na maji sasa! Theluji ya juu inayeyuka, maporomoko yanashuka kwa nguvu pande zote. Staubbach peke yake lina karibu mita 300. Watoto walipotaka theluji tulipanda treni hadi Jungfraujoch, mita 3,454, inayofanya kazi mwaka mzima. Mwenye familia, chagua bonde la chini lenye usafiri wa kupanda juu. Hali ya hewa ikiharibika, bado mna la kufanya.

Mpenda Maua
Mimi naitetea Great Smoky Mountains, Marekani. Milima ile inaanzia chini ya mita 300 hadi 2,025, na maua huchanua kwa kupanda: ya chini yakimalizika, ya juu ndiyo yanaanza. Hata ukikosea tarehe kidogo, kuna kimo ambacho kiko katika siku zake nzuri. Aprili nilipita kwenye mvua na jua ndani ya asubuhi moja, na msitu ulikuwa hai kweli.

Yosemite, kule California, nayo ni ya Mei kwa mwenye kupenda maporomoko ya maji. Yosemite Falls, mita 739, huwa na nguvu wakati huo, na kufikia Agosti yanaweza kukauka. Ila barabara ya Tioga, inayovuka milima, mara nyingi hufunguliwa mwisho wa Mei au baadaye.

Mwanzisha mada
Asante sana, dada. Vipi Nepal? Nasikia Machi na Aprili milima inawaka maua mekundu.

Mtembezi
Ni kweli, na Poon Hill, mita 3,210, ni safari fupi kwa vipimo vya kule. Lakini hesabu usafiri wa kufika na kurudi kwanza. Halafu kuna mwinuko: ukivuka mita 2,500 kichwa na tumbo vinaweza kusumbua, na dawa yake kubwa ni kupanda polepole. Likizo fupi haina hizo siku za kupoteza.

Njia Ndefu
Kwa ufupi wa safari hakuna ninachokiweka juu ya Atlas, Moroko. Kutoka Marrakech hadi Imlil, kwenye mita 1,740, ni kama saa moja na nusu kwa gari. Nilikaa vijijini, miti ya matunda ikiwa imechanua na vilele vyeupe nyuma yake. Toubkal, kilele cha huko chenye mita 4,167, bado huwa na theluji, na mwongozaji ni lazima, kwa hiyo niliiacha bila kinyongo.

Popote utakapokwenda, anza kutembea alfajiri. Mchana jua hulainisha theluji, miguu inazama, na maporomoko ya theluji yenye majimaji hutokea zaidi saa hizo. Mkuu, una siku ngapi hasa, ukitoa za ndege?