Siku 3 Mto Malagarasi, watu wawili: samaki wafike Kigoma bila kuoza

Wakuu, mimi na mwenzangu tunakwenda kuvua kambale na perege chini ya Uvinza. Barafu hatuna. Tubebe nini? Na swala mmoja inawezekana?

JIBU 1
Swala sahau. Bila leseni ni ujangili, na Ugalla, pori la mto unaoingia Malagarasi, ni hifadhi ya taifa tangu 2019, humo hata mwenye leseni hawindi.

Samaki: chumvi ya Uvinza mnayo hapo hapo, kilo 1 kwa kila kilo 4 za samaki waliokwisha tumbuliwa. Tumbua papo hapo, toa matamvua na damu yote iliyoganda kwenye uti wa mgongo. Uozo huanzia hapo. Kambale mpasue mgongoni afunguke kama kitabu. Akibaki mzima chumvi haifiki kwenye nyama nene, nje anakauka, ndani ananuka. Panga kwenye ndoo iliyotobolewa chini ili maji yatoke. Kesho yake suuza, anika kwenye chanja, si mchangani.

JIBU 2
Naongezea moshi. Chanja iwe mita 1 juu ya makaa, kuni ngumu zilizokauka. Moto ukiwaka sana samaki anaiva na kumeguka. Jioni funika kwa chandarua, nzi wakitaga ni funza tu.

JIBU 3
Matumbo yatupeni mbali na kambi, mamba huyafuata. Mmoja akivua, mwingine aangalie maji. Hema msilitege kwenye njia ya viboko: utaijua, nyasi zimelala na kinyesi kimetapanywa.