Naomba ushauri: nimebakiza wiki 5 za fildi Kibirizi, niache au nikae?

Habari zenu wakuu. Nasoma stashahada ya uhasibu, fildi nimepata kwa mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Wiki 3 zimeisha. Silipwi, ila chakula cha mchana kipo.

Nilidhani nitakaa kwenye kompyuta, kumbe nashinda kwenye mizani, napima magunia na kuandika. Juzi bosi alipima upya mzigo kabla haujapanda lori. Magunia 10 niliyoandika kilo 412 yakatoa 397. Akaniuliza mbele ya vibarua kilo 15 zimekwenda wapi. Nilikosa la kusema. Sijachukua hata dagaa mmoja, Mungu shahidi, lakini tangu siku hiyo wamama wanaoanika wananitazama kwa jicho lingine.

Mjomba ana ofisi mjini. Anasema nikae nyumbani, logibuku (daftari la kumbukumbu za fildi) atanisainia yeye. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama wa Katonga: Mwanangu, mzigo huo ulikaa stoo siku ngapi? Dagaa walioanuliwa mapema, au mvua iliyowakuta kwenye chanja, wana maji ndani. Wakikaa, wanaendelea kukauka na kilo zinashuka. Mkunje mmoja: aliyekauka anavunjika, ambaye hajakauka anapinda. Uliandika tarehe ya kupima na hali ya mzigo? Kama hukuandika, kosa lako ni hilo tu, wala si wizi. Nenda kamweleze mzee mwenyewe, usingoje akuite.

Robota la Urambo: Tumbaku nayo ni hivyo hivyo, unyevu unacheza na uzito. Nilianzia ukibarua wa kupanga majani kwa gredi, na kazi ya kwanza ya ajira nilipata kwa swali moja la usaili: tueleze siku uliyoharibu kazi na ulichofanya baadaye. Nilikuwa na cha kueleza. Ya mjomba wako achana nayo kabisa, wewe ni mhasibu, unaanzaje na karatasi ya uongo?

Kijana wa Mwanga: Kubaki sawa, lakini wiki 8 bila hata nauli mimi sikubali. Iombe, kwa adabu. Halafu mbalamwezi ikiingia mitumbwi haitoki, stoo inapoa. Hapo ndipo umwombe akufungulie vitabu vya mauzo.

Mleta uzi: Nimerudi, asanteni sana. Leo asubuhi nilimsubiri anywe chai, nikamweleza. Hakujibu. Alichomoa dagaa kwenye gunia la jana, akamkunja, akapinda. Akasema niongeze safu kwenye daftari, na zile kilo 15 niziandike upungufu kwa mkono wangu, niweke na sababu. Ya nauli amesema tutaona. Mjomba nimemshukuru, nimekataa. Mama, kwenye hiyo safu niandike "wabichi"?

Mama wa Katonga: Wabichi ni wale wa kutoka ziwani. Andika "hawajakauka", na saa uliyopima.