Mrejesho: wapangaji sita, mita moja ya yaka (umeme wa kulipia kabla)

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza tufanyeje hapa Kireka, karibu na Kampala, Uganda, mwenye nyumba anatupandishia bei ya yuniti ya umeme kila mwezi. Mlisema tusiende mmoja mmoja, na tudai risiti. Tulikwenda wote sita jioni, tukamfungulia daftari letu: tarehe, yuniti, pesa tuliyolipa. Alilipitia kimya, kidole kikifuata mistari. Sasa kila akinunua tokeni (namba za kuingiza yuniti kwenye mita) anatuonyesha meseji, tunagawana kwa mita ndogo za ndani. Mwezi huu nimelipa 31,000 badala ya 45,000.

Mita ya yaka ya kila chumba peke yake amekataa. Hilo linaniuma, maana zile yuniti 15 za kwanza za bei nafuu, shilingi 250 kila moja, ni kwa kila mita ya yaka, nasi tunazigawana sita. Tutamrudia.